Spana ya Kufungulia Mikanda ya Gari

Spana ile ilifuliwa kwa kipande cha springi ya lori, na ilifuliwa mara mbili kwa sababu ya kwanza haikuingia. Haikuwa nzuri. Mpini ulikuwa umepinda, na mdomo wake ulikuwa kama mdomo wa mtu aliyepigwa ngumi. Lakini mwaka ule wa vita hatukuwa na nyingine, na mdogo wangu alikuwa amelala ndani kwangu anatoka damu.

Nieleze tangu mwanzo, la sivyo mtu atajiuliza wanawake walikuwa wanatafuta nini kwenye gari lisilo lao.

Tulikuwa tumeshahamishiwa kijijini. Mtu alikuwa na nyumba yake mlimani, migomba yake na makaburi ya wazazi wake, akaambiwa ashuke akae kwenye mstari na wenzake. Tukashuka. Sisi wa Kibimba tulijenga, tukalima shamba la kijiji na la kwetu, tukazoea majirani ambao zamani tulikuwa tunaonana nao sokoni tu. Kisha vita vikaja. Wanaume wenye nguvu walichukuliwa, wakapanda malori wakiimba, mume wangu akiwa mmoja wao na mume wa mdogo wangu mwingine. Tukabaki wanawake, watoto na wazee, na redio ya mwenyekiti ambayo betri zake zilikuwa zinaanikwa juani kama mihogo ili ziseme siku moja zaidi.

Mdogo wangu alikuja kukaa kwangu mumewe alipoondoka. Alikuwa na mimba. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu katika hospitali ya misheni, na sista aliyemshona alimwambia mbele yangu, wala hakunong'ona: "Mimba nyingine usiisubirie nyumbani. Mwezi wako ukikaribia, njoo ulale hapa. Uchungu ukikukuta kule milimani, kovu hili linaweza kupasuka. Likipasuka, hatutakuona tena."

Maneno hayo niliyabeba. Kila alipoinama kuchuma mboga niliyasikia. Nilimnyang'anya jembe, nikamnyang'anya mtungi, mpaka akasema, "Dada, utaninyang'anya na kijiko." Sikucheka.

Mpango wetu ulikuwa gari la mradi wa maji. Lilikuwa Landrova, lilikuwa linapita kijijini na mabomba, na dereva wake alikuwa amekubali kumpeleka mdogo wangu hospitali siku ikifika. Badala yake ekseli ikakatika, hapohapo kijijini kwetu, karibu na ghala. Dereva alilitazama gari kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekufa, akadandia lori la jeshi lililokuwa linaelekea Nyakahura, akaenda kutafuta ekseli nyingine. Sanduku lake la vifaa aliondoka nalo kwa kuogopa wezi. Hakurudi. Nadhani naye walimpa lori aendeshe, akaishia huko mbele.

Gari lilipewa mlinzi, mzee wa nyumba ya pili kutoka kwangu. Alipewa na kofia ya mgambo, kwa sababu mwaka ule kofia zilikuwa nyingi kuliko vichwa.

Asubuhi moja mdogo wangu aliniita chumbani kwa sauti ndogo. Nilipofika alikuwa amesimama kando ya kitanda anatazama miguu yake. Ilikuwa damu kidogo, na haikuwa na maumivu. Mama mkwe wangu, aliyezalisha nusu ya watoto wa mlima wetu wa zamani, alipiga magoti akaangalia, kisha akanivuta nje.

"Hiyo si damu ya kuzaa," alisema. "Hiyo ni damu ya kuondoka. Asitembee. Asipande baiskeli. Asikohoe, kama anaweza."

"Tumpeleke vipi, mama?"

"Kwa ingobyi. Kwani watu wanapelekwa na nini?"

Ingobyi ni kitanda cha kubebea mgonjwa, kimesukwa kama kapu refu na kufungwa kwenye miti miwili. Wanaume wanne huitia miti hiyo mabegani, na wengine hufuata nyuma wakingoja zamu. Ya kwetu ilikuwepo, nzima, imening'inia ghalani. Wanaume ndio hawakuwepo.

Wazee wanne walijitokeza, na nawashukuru mpaka leo. Walimwinua vizuri, wakatoka naye kijijini kwa heshima zote. Kwenye mteremko wa kwanza magoti ya mmoja yalianza kutetemeka, ingobyi ikalala upande, mdogo wangu akashika miti kwa mikono miwili asianguke. Yule mzee alikaa chini akaanza kulia. Hakuwa mtu wa kulia. Wakamrudisha. Tulipomlaza tena, damu ilikuwa imeongezeka.

Basi nikawaambia wanawake waliosimama mlangoni, "Tutambeba sisi."

Wakarudi nyuma hatua moja. Nilijua kwa nini. Ingobyi hiyohiyo inayobeba wagonjwa ndiyo inayobeba maiti, na kwetu mwanamke haitii begani. Ilisemwa kwamba mke akiweka ule mti begani mumewe akiwa safarini, anamwita arudi akiwa amelala ndani yake. Na pale mlangoni hapakuwa na mwanamke ambaye mume wake hakuwa vitani.

Jirani yangu wa nyumba inayofuata alikuwa na mdomo usiopumzika. Ndiye aliyejibu. "Mwenzetu wewe umemchoka wa kwako. Sisi wa kwetu bado tunawataka."

"Mdogo wangu afe ili wako arudi?"

"Sikusema afe. Nimesema bega langu simpi."

Tungegombana mpaka jioni. Mama mkwe alikuwa amekaa chini anasikiliza, na alipoongea hakumtazama mtu. Alisema kilichokatazwa ni mti kugusa bega. Basi mti usiguse bega. Mtu mmoja aingie katikati ya miti miwili mbele, mwingine nyuma, kila mmoja apitishe mkanda nyuma ya shingo, na ncha za mkanda zifungwe kwenye miti, chini, usawa wa nyonga. Wengine washike pembeni kwa mikono.

"Na huo mkanda si utapita begani?" aliuliza jirani.

"Mbeleko ya mwanao inapita wapi? Nani amekufa?"

Wanawake walianza kuonekana kama watu wanaoweza kushawishika. Lakini mkanda wa nini? Kamba ya mgomba hukatika, na ya katani ingetuchuna shingo kabla ya mto. Khanga mwaka ule hazikuwepo madukani, na zile tulizovaa zilikuwa zinachanika kwa kufuliwa tu. Tulihitaji kitu kipana, kirefu, kigumu.

Jirani yangu ndiye aliyekumbuka. Aliwahi kupewa lifti na lile gari la mradi. "Mle ndani mna mikanda," alisema. "Dereva alinifunga kwenye kiti kama mbuzi wa mnada. Nikamwambia, baba, mimi sikimbii, ninakwenda kwa dada yangu. Akasema ni sheria ya gari."

Tukaenda kwa mlinzi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, kofia magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona mmekuja wengi hivi? Gari haliendi."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua mlango akatuonyesha. Mikanda ilikuwepo miwili, mmoja kila upande, myeusi, mipana kama kiganja cha mtoto. Kila mmoja ulianzia kwenye chuma juu ya mlango ukashuka mpaka chini karibu na sakafu, na kila ncha ilikuwa na bamba la chuma lenye tundu, limebanwa na bolti. Mama mkwe aliyashika yale matundu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Humo ndimo tungepitisha vigingi vya kushikia miti.

Nilikuwa na kisu kiunoni. Mlinzi alikiona.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Kufungua, nakuruhusu, maana mtarudisha nami nitasema sikuona. Kukata, hapana. Hili ni gari la umma. Wakikuta mikanda imekatwa wakati huu wa vita hawataniuliza nani alikuwa mgonjwa. Wataniuliza nilikuwa nasaidia nani. Unajua wanayemuuliza hivyo anapelekwa wapi?"

Nilijua. Kulikuwa na mtu wa kijiji cha pili aliyepelekwa kwa sababu ya kuwa na tochi. Nikarudisha kisu.

Sasa kuzifungua zile bolti. Spana ya baiskeli ya kijiji ilikuwa ndogo. Koleo la mlinzi lilishika, likateleza, likashika, likateleza, mpaka likaanza kula pembe za bolti. Akanizuia. "Ukizimaliza pembe hizo hata mwenye gari hataweza." Nilijaribu kwa meno ya jembe. Jirani yangu alijaribu kwa matusi. Zile bolti zilikaa kimya.

Aliyebaki alikuwa mhunzi. Yeye alihamishwa kama sisi, na alikuwa na nyumba kwenye mstari kama sisi, lakini mivukuto yake aliiacha kule mlimani kwenye mahame, kwa sababu mahali pa kufulia chuma kwetu hapahamishwi kwa amri. Alikuwa akipanda kule na mguu wake mbovu, akilala hukohuko siku mbili tatu, akifua majembe kimyakimya, na viongozi walijifanya hawajui kwa kuwa majembe waliyahitaji. Kushuka mpaka kwenye gari na kupanda tena siku hiyohiyo asingeweza. Ilibidi kipimo cha bolti kimfuate yeye.

Mama mkwe alikuwa mfinyanzi. Alichukua donge la udongo wake wa vyungu, akalikandamiza juu ya kichwa cha bolti, akalibandua polepole. Ndani pakabaki tundu lenye pembe sita, safi kabisa. Mlinzi akapiga makofi. Mimi nikanyoosha mkono nilichukue niondoke.

"Ngoja," alisema mama mkwe. "Ukilibeba bichi hivi, ukijikwaa litabonyea, utampelekea mhunzi tundu la panya."

Akalikausha kando ya moto, kisha akalichoma kwenye makaa kama anavyochoma chungu. Nilikaa pale nikingoja, nikisikiliza chumbani. Kila mdogo wangu alipogeuka kitanda kililia, na kila kilipolia nilisimama. Lilipopoa nililifunga kwenye jani la mgomba nikapanda mlima mbio.

Mhunzi aliniona kwa mbali akainua mkono. "Simama hapohapo, mke wa mwanangu. Unatoka kwa mwenye damu."

Nilisimama kwenye kisiki, maana mwanamke anayemuuguza mwenye damu hakaribii mivukuto. Donge nililiweka mbele kwenye majani; alikuja akichechemea, akaliokota, akaligeuza juani. Nikamweleza yote kwa sauti ya kutosha kumfikia, na ya kutosha, nilivyohofia, kumfikia na mtu mwingine yeyote aliyekuwa vichakani. Hakuuliza maswali. Alikwenda akachagua kipande cha springi ya lori, akaanza kufukuta.

Moshi ulipanda. Huo ndio ulionitesa. Kwenye mahame hakutakiwi kuwa na mtu, na tulikuwa tumeambiwa tutoe taarifa ya moshi wowote tusioujua, maana adui hujificha palipohamwa. Nilikaa kwenye kisiki nikiutazama unavyopanda juu ya migomba, umenyooka, mweusi, kama mtu anayeita. Nilimwomba Mungu alete upepo. Hakuleta.

Spana ilipopoa alinirushia kwenye majani, kwa kuwa hakutaka kunipa mkononi. Nikashuka nayo ikiwa bado na joto, moja kwa moja mpaka kwenye gari.

Haikuingia.

Nilisukuma, nikageuza, nikapiga kwa jiwe. Ilikosa kidogo tu, unene wa ukucha. Mlinzi aliijaribu, jirani yangu akaijaribu. Mama mkwe alifika akaiweka juu ya bolti, akaitazama muda mrefu, na nikaona uso wake unabadilika.

"Udongo umesinyaa," alisema.

Maisha yake yote alikuwa anafinyanga vyungu vikubwa ili vikitoka motoni viwe vya kadiri. Alijua hilo kuliko jina lake. Lakini mkono ulishazoea kwamba udongo ukishafinyangwa hukaushwa na kuchomwa, na mkono haukuuliza udongo huu ni wa nini.

Jirani alifungua mdomo. Nilimtazama, akaufunga. Mama mkwe hakujitetea. Aliondoka akaenda kukaa chumbani kwa mdogo wangu, akamshika miguu, wala hakutoka humo mpaka asubuhi.

Sikumlaumu, na sikumfariji. Hapakuwa na nafasi ya hayo. Jua lilikuwa limeshakwisha. Nilichuma unyasi mgumu, nikaulaza juu ya kichwa cha bolti kutoka upande mmoja bapa hadi wa pili, nikaukata kwa kisu pale ulipoishia. Kisha nikakata wa pili na wa tatu, nikalinganisha mpaka zote zikawa sawa. Nikazifunga kwenye ncha ya khanga yangu.

Asubuhi nilimkuta mdogo wangu macho wazi. "Dada, anacheza kidogo leo," alisema.

"Amechoka. Na wewe pumzika."

"Jana alicheza sana."

"Nimesema pumzika."

Nilitoka haraka asinione uso. Nje nikakutana na mwenyekiti, amesimama mikono nyuma.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Jana kulikuwa na moshi kule juu."

"Mimi nilikuwa nachuma mboga, sikuona."

"Uliona au hukuona, kuna wanajeshi watapita hapa. Wakiuona wao, hawatakuja kuniuliza mimi. Watapanda." Alikohoa. "Mgonjwa wako anaendeleaje?"

"Vibaya."

Akatazama ghala, akatazama gari. "Mimi leo nakwenda kukagua shamba la bondeni," alisema. "Kule huwa sioni mlima." Akaondoka.

Nilipanda hivyohivyo. Mhunzi alipoziona zile nyasi alicheka kwa mara ya kwanza. "Ungeniletea hizi jana, mke wa mwanangu, ningelala mapema." Aliipasha ile spana moto, akaupanua mdomo wake, na safari hii hakuuacha sawasawa. Aliufanya uwe mpana nje na mwembamba kidogo ndani, ili popote bolti itakapofika ibanwe. Alifukuta kidogo kidogo, kwa makaa makavu, moshi ukawa haba. Hata hivyo kila jani lililosogea nililihesabu kuwa buti.

Nilipokuwa bado kwenye kisiki nilisikia injini chini barabarani. Mhunzi akaacha kufukuta. Tulikaa tukitazamana kwa mbali, yeye na koleo lake mkononi, chuma chekundu kikififia. Lori lilipunguza mwendo. Kisha likaongeza, likaenda zake. Chuma kilikuwa kimepoa, akakirudisha motoni, akaanza upya.

Mchana spana iliingia. Ilishika bolti ya juu kwa sauti ndogo, kama meno yanapokutana. Niliivuta, haikusogea. Mlinzi alileta mafuta ya taa, ya mwisho kwenye kibatari chake, akayadondosha kwenye shina la bolti, tukangoja. Halafu tuliivuta wawili, mimi na jirani yangu, miguu yetu kwenye ubavu wa gari.

"Vuta, mama mbuzi wa mnada!" nilimwambia.

"Navuta! Gari lako ndilo halina adabu!"

Ikalia. Ikazunguka. Sijawahi kusikia chuma kikilia vizuri vile. Ya chini ilikuwa na kutu zaidi, lakini mpini uliopinda ulisaidia kuifikia chini ya kiti. Tulifungua zote nne bila kukata uzi hata mmoja. Mlinzi alizitia bolti kwenye kofia yake, akaikunja, akaikalia.

Tulipanga ingobyi uwanjani. Vigingi tulichonga vya mti mgumu, tukavipitisha kwenye matundu ya mabamba na kuvifunga kwenye miti kwa kamba. Tulimlaza mdogo wangu ndani juu ya magodoro ya majani. Mama mkwe alimfunika akabaki, maana safari ile haikuwa ya miguu yake. Mimi nikaingia mbele, katikati ya miti, mkanda nyuma ya shingo. Mwanamke mwingine akaingia nyuma. Tukainuka.

Mkanda ulishika. Uzito ulishuka mgongoni kote, haukuuma mahali pamoja. Niliwasikia wenzangu wakishusha pumzi.

Hatukufuata barabara, maana malori ya jeshi hayakuwa yanasimama, na njia ya hospitali inakatiza mabonde. Tulibadilishana bila kuongea sana. Anayetoka kwenye mkanda alishika pembeni, aliyekuwa pembeni akaingia. Jirani yangu aliimba kidogo, kisha akaacha, na kunyamaza kwake kulinitia hofu kuliko kitu kingine. Mimi nilikuwa nikiuliza tu, "Unanisikia?" na mdogo wangu akijibu, "Nakusikia." Baada ya mto jibu likawa halina maneno, sauti tu. Baadaye likawa halipo.

"Amelala," alisema mmoja.

"Hajalala. Kazeni mwendo."

Kwenye mlima wa mwisho, ule ulio mkali, mimi nilikuwa pembeni. Jirani yangu alikuwa nyuma kwenye mkanda, ambako ndiko uzito wote unakokwenda mnapopanda. Nikasikia kitu kimepasuka kama kuni. Kigingi cha kulia kilikuwa kimekatika. Mti wa upande ule ulianguka, ingobyi ikapinduka, na mdogo wangu akaanza kuteleza kuelekea bondeni, mlegevu kabisa, hakujishika.

Jirani yangu hakufikiri. Alipiga goti, akaingiza bega lake chini ya mti, akainuka nao. Akamshikilia pale, mti umelala begani mwake kama kwa mwanaume yeyote, meno yamekaza, sisi tukikimbilia kumrudisha mgonjwa katikati.

Tulipomaliza tulisimama. Kila mmoja alikuwa ameona. Yeye mwenyewe alikuwa anatazama mbele tu.

"Tufunge kigingi kingine, ushushe," nilimwambia.

"Nishushe nini? Mume wangu ameshasikia, kama ni kusikia. Twendeni."

Akaubeba vile mpaka juu. Nitasema papa hapa, nisilifiche: mume wake alirudi vita vilipokwisha, mzima, amenenepa. Wangu hakurudi. Na mimi mti ule haukunigusa bega. Lakini siku ile hakuna aliyejua, na mwanamke yule alipanda mlima ule akiamini kwamba kila hatua anamzika mumewe.

Hospitalini walimpokea mlangoni. Sista aliweka mkono tumboni kwake, akainama kusikiliza, akaita kwa sauti ambayo sikuipenda. Walimkimbiza ndani kwa kitanda cha magurudumu. Sisi tukabaki ukumbini, ingobyi tupu sakafuni. Hakuna aliyetaka kukaa karibu nayo.

Tulikaa mpaka kivuli cha jengo kikafika barabarani. Hatimaye mlango ukafunguliwa.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

Tulisimama sote.

"Nataka ndugu mmoja," sista alisema.

Hakuna aliyekaa. Akatutazama, khanga zetu zimelowa jasho na damu isiyo yetu, akaacha kubishana. Akasema mama yuko hai, damu ilikuwa imekwisha karibu yote lakini yuko hai. Mtoto ni wa kike, anapumua kwa shida, wanamtazama. Kesho ndiyo itakayosema. Jirani yangu alikaa chini ghafla kama aliyekatwa miguu, akafunika uso.

Waliniruhusu kuingia mimi peke yangu. Mdogo wangu alikuwa mweupe midomo. Alifungua macho akanitafuta.

"Yuko wapi?"

"Kwa masista. Anapumua."

"Nani walinileta?"

"Sisi."

"Sisi wanawake?" Alijaribu kuinua kichwa. "Dada. Watu watasema nini?"

"Watasema," nilimwambia. "Lala."